Kulegeza Mwili na Kutuliza Moyo: Elimu Inayostahili Nafasi Shuleni

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni katika kijiji cha Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka. Hapakuwa na mzaha wowote uliowachekesha. Walicheka, wakalia, wakatulia kidogo, kisha wakaanza tena. Wenzao wakashikwa na hali ile ile. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Wengine hali hiyo iliwashika kwa saa chache tu. Wengine iliwarudia kwa siku kadhaa, hata kufikia siku 16. Shule ilifunguliwa tena mwezi Mei, lakini haikudumu. Mwishoni mwa Juni ikafungwa mara ya pili. Wakati huo wasichana waliorudishwa makwao walikuwa wamekwisha kuipeleka hali hiyo vijijini. Huko Nshamba peke yake walipatwa watu zaidi ya 200.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, waliochapisha taarifa ya mkasa huo mwaka 1963, walitafuta sumu katika chakula na vijidudu katika miili ya wagonjwa. Hawakupata kitu. Hakuna aliyekufa. Lakini jambo moja lilijitokeza wazi: walimu hawakushikwa. Walioshikwa ni wanafunzi.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi ulimwenguni kama kichekesho. Ukweli ni kwamba haikuwa kichekesho hata kidogo. Wataalamu walioipitia upya wanaiona kuwa ni mfano wa maradhi ya umati yatokanayo na mkazo wa nafsi: watoto waliowekwa katika hali nzito, wasiyoweza kuikimbia wala kuilalamikia, mpaka miili yao ikalalamika kwa niaba yao. Matukio ya namna hiyo hayakukoma mwaka 1962. Mara kwa mara husikika habari za shule ambamo wanafunzi, aghalabu wasichana na aghalabu karibu na mitihani, wanaanguka, wanapiga mayowe au wanashindwa kutembea. Jambo la kwanza linalofanywa huwa ni kutafuta mchawi.

Makala haya yanatetea rai moja: kwamba namna ya kuutuliza mwili uliokazwa ni elimu kamili yenye misingi ya kisayansi, kwamba elimu hiyo ni nyepesi, haina gharama, na inafaa ifundishwe katika kila shule ya sekondari, lakini pia kwamba elimu hiyo isifanywe kisingizio cha kuacha vyanzo vya mkazo vikiendelea kama vilivyo.

Mkazo ni kitu gani?

Lugha ya Kiswahili iliyajua mambo haya kabla ya maabara. Mtu mwenye hofu husemwa kwamba moyo unamwenda mbio, kijasho chembamba kinamtoka, mate yamemkauka, nywele zimemsimama, tumbo linamvuruga. Misemo hii si mapambo ya maneno tu. Kila mmoja unaeleza badiliko la kweli linalotokea mwilini, na kila badiliko lina sababu yake.

Mwaka 1915 Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alichapisha kitabu alimoeleza mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Alikuwa amewachunguza paka waliobwekewa na mbwa, akaona kwamba hofu husimamisha mwendo wa tumbo na kumwaga katika damu homoni ya adrenalini, inayotoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Cannon alitambua kwamba mambo haya yote yana lengo moja: kumtayarisha mnyama apigane au akimbie. Moyo hupiga kwa kasi ili damu ifike upesi kwenye misuli. Njia za hewa katika mapafu hutanuka. Ini hutoa sukari iliyowekwa akiba. Damu huondolewa katika ngozi na matumbo, ndiyo maana mtu huhisi baridi mikononi na chakula hakimshuki. Misuli ya shingo, mabega, taya na mapaja hukazwa, tayari kwa pigo au mbio.

Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, aliongeza jambo lingine mwaka 1936. Aliwatia panya katika taabu za namna mbalimbali: baridi, majeraha, kazi ya kupita kiasi, sumu kidogo. Akakuta kwamba taabu zilitofautiana lakini alama zilizobaki mwilini zilifanana: tezi za juu ya figo zilikuwa zimevimba, viungo vinavyosaidia kinga ya mwili vilikuwa vimesinyaa, na tumbo lilikuwa na vidonda. Kwa maneno mengine, mwili una jibu moja la jumla kwa mateso mengi, na jibu hilo likidumu mno hugeuka kuwa madhara.

Hapa ndipo lilipo tatizo la maisha ya kila siku. Mkulima aliyekutana na nyati alipanda mti au alikimbia. Akamaliza mbio zake, akatweta, na mwili ukarudi katika hali yake. Mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani hana mti wa kupanda. Karani anayedaiwa kodi ya nyumba, mama anayehesabu senti za unga, dereva aliyekwama barabarani na abiria wanaofoka, wote hao miili yao imetayarishwa kwa mbio ambazo hazitapigwa. Adrenalini imemwagwa, misuli imekazwa, na mtu ameketi kitini. Kesho hali ni hiyo hiyo, na kesho kutwa.

Mwindaji hauachi uta wake ukiwa umevutwa usiku kucha. Akifanya hivyo, asubuhi hatakuwa na uta.

Hofu na masomo

Wapo wanaosema kwamba hofu kidogo ni nzuri, kwa kuwa humfanya mwanafunzi asome. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nayo yafaa ipimwe kwa haki.

Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kisanduku cheupe na kukiepuka cheusi. Panya aliyekosea alipigwa na umeme. Umeme hafifu mno haukumfundisha panya upesi. Lakini matokeo yaliyovuta macho yalikuwa haya: tofauti ya rangi ilipokuwa dhahiri, yaani kazi ilipokuwa rahisi, umeme mkali ulisaidia, tofauti ilipofanywa kuwa ndogo, yaani kazi ilipokuwa ngumu, umeme mkali ulizidi kuwapotosha, na waliojifunza upesi walikuwa wale waliopigwa kwa kiasi cha wastani.

Mtoto si panya, na wataalamu wa baadaye wamejadiliana sana juu ya kadiri ya kulitumia jaribio hili kwa binadamu. Hata hivyo kila mwalimu makini ameliona jambo lenyewe darasani. Hofu kali humsaidia mtu kufagia uwanja upesi, kubeba maji au kukimbia mchakamchaka. Haimsaidii kutatua mlinganyo wa hesabu wala kupanga hoja za insha. Mwanafunzi aliyeyajua majibu jana usiku akaketi mbele ya karatasi ya mtihani na kuona kichwa ni kitupu, si lazima awe mvivu wala mjinga. Mwili wake umeamua kwamba huu ni wakati wa kukimbia, na kwa mwenye kukimbia milinganyo haina kazi.

Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni hili: mwanafunzi akikazwa kupita kiasi, je, anayo njia ya kujirudisha? Jibu ni kwamba njia ipo, nayo imo ndani ya mwili wake mwenyewe.

Breki ya moyo

Mwili una mifumo miwili ya neva isiyongoja amri ya mtu. Mmoja huchochea, kama ulivyoelezwa hapo juu. Mwingine hutuliza. Neva kubwa ya mfumo huu wa pili huitwa vagasi. Hutoka chini ya ubongo, hupita shingoni, hufika katika moyo, mapafu na tumbo. Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi huko Graz nchini Austria, aliichochea neva hiyo katika moyo wa chura ukapunguza mapigo. Kisha alichukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayatia katika moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Hivyo ilijulikana kwamba neva hunena na moyo kwa kemikali. Mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Henry Dale.

Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upige polepole kama anavyouamuru mkono uinuke. Lakini kupumua ni kazi ya namna ya pekee: huendelea yenyewe mtu akiwa amelala, na hufuata amri yake akiwa macho. Kwa hiyo ni mlango ambao mtu anaweza kuupitia kuifikia mifumo isiyongoja amri.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa darasani bila chombo chochote. Mwanafunzi na aweke vidole viwili juu ya mshipa wa damu wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, avute pumzi polepole, kisha aitoe polepole. Wengi, hasa vijana, watatambua kwamba mapigo huharakisha kidogo pumzi inapoingia na hupungua pumzi inapotoka. Wakati wa kutoa pumzi neva ya vagasi hukaza breki yake. Wakati wa kuvuta huilegeza. Ndiyo maana mtu aliyepona hatari hushusha pumzi ndefu bila kufundishwa na yeyote. Kiswahili, kwa kusema “kushusha pumzi”, kilikwisha kulitambua jambo hili.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akivuta pumzi kwa hesabu ya sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, kila pumzi itachukua sekunde 10, na kwa dakika moja atapumua mara 6 tu. Kadiri hiyo imechunguzwa na watafiti wengi, nayo huufanya mwendo wa moyo na wa shinikizo la damu kupatana na mwendo wa pumzi. Dakika 5 zinatosha kwa mtu kuhisi tofauti. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio ambamo watu walifanya zoezi la pumzi kwa dakika 5 kila siku kwa muda wa mwezi mmoja. Waliorefusha pumzi ya kutoka, kwa namna ya kushusha pumzi, ndio walioonyesha nafuu kubwa zaidi ya hali ya moyo.

Onyo moja linahitajika. Kupumua polepole si kupumua kwa nguvu. Mwenye kuvuta na kutoa hewa kwa pupa huondoa mwilini kabonidioksidi kupita kiasi; matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na hofu iliyozidi ile ya kwanza. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomwangusha mwanafunzi aliyeanza kwa kutweta tu. Mshauri anayemwambia mtu mwenye hofu “vuta pumzi kwa nguvu” anampa ushauri wa kinyume. Amwambie aitoe polepole.

Kukaza ili kulegeza

Njia ya pili ilitokana na daktari Edmund Jacobson wa Chicago, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1908 akiwa mwanafunzi huko Harvard, na akachapisha kitabu chake kikuu mwaka 1929. Jacobson alishika upande wa misuli. Aliona kwamba watu wengi waliodai wamepumzika walikuwa bado wamekunja paji la uso, wameuma meno, wameinua mabega. Hawakuwa wakisema uongo. Walikuwa wamezoea kukazwa mpaka wameacha kuhisi. Akatengeneza vyombo vya kupima umeme hafifu wa misuli, na kwa vyombo hivyo akathibitisha kwamba msuli uliodhaniwa umetulia mara nyingi hufanya kazi kimyakimya.

Dawa yake ilikuwa rahisi: mtu na aukaze msuli kwa makusudi, auhisi, kisha auachie ghafla, auhisi tena. Kwa kulinganisha hali mbili, ubongo hujifunza upya tofauti iliyosahauliwa.

Zoezi fupi laweza kufanywa hivi. Mwanafunzi na aketi, miguu yote miwili ikiwa chini na mgongo ukiegemea. Akunje ngumi ya mkono wa kulia kwa sekunde 5 au 6, aangalie mkazo unavyopanda hadi kiwiko, kisha aifungue na kuuacha mkono ulale juu ya paja kama nguo iliyolowa. Akae hivyo sekunde 15 au 20 kabla ya kuendelea. Afanye vivyo hivyo kwa mkono wa kushoto, kisha ainue mabega kuelekea masikioni na kuyaachia, akunje uso na kuufungua, aume meno kidogo na kuilegeza taya, akaze tumbo, abane mapaja, avute vidole vya miguu kuelekea magoti. Kiungo chenye jeraha kirukwe. Zoezi zima halizidi dakika 10. Anayelifanya kitandani usiku huenda asilimalize, kwa kuwa usingizi utamtangulia.

Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliifupisha njia ya Jacobson na kuitumia kutibu hofu. Katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza namna mgonjwa anavyolegezwa kwanza mwili, kisha akaambiwa awaze jambo analoliogopa, akianza na dogo na kupanda ngazi polepole. Mwanafunzi anayeogopa mtihani anaweza kuelewa ngazi hiyo bila shida: kengele ya asubuhi, foleni mlangoni, karatasi iliyofunikwa juu ya dawati, amri ya kuanza. Hofu na misuli iliyolegea haviketi vizuri katika mwili mmoja.

Njia ya tatu ilielezwa na Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1975. Baada ya kuwapima watu waliozoea kutafakari, alikuta kwamba wakati wa kutafakari matumizi yao ya oksijeni na mwendo wa kupumua vilipungua. Alihitimisha kwamba mambo makuu ni machache: mahali pa utulivu, namna nzuri ya kukaa, neno au sala fupi inayorudiwa, na moyo usiojilaumu fikira zinapotangatanga. Benson alisisitiza kwamba neno lenyewe mtu hulichagua kwa imani na mapenzi yake.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba utulivu ni bidhaa iliyoletwa kutoka maabara za mbali. Mzee anayekaa barazani baada ya alasiri, mama anayesuka ukili huku akivuta wimbo wa chinichini, vijana waliozunguka bao wakati wa jua kali, wote hao wanaupa mwili nafasi ya kushuka. Mambo wanayofanya yana mwendo wa taratibu, yanarudiwarudiwa, na hayana hakimu. Sayansi haikuyabuni, imeeleza tu kwa nini yanafaa.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la lugha na mila. Katika Kiswahili mtu kuitwa mlegevu ni tusi. Mwalimu mkali huweza kuuliza: shule itawezaje kufundisha ulegevu? Jibu ni kwamba kulegea si sawa na kulegeza. Anayelegea ameshindwa, anayelegeza ametenda kwa hiari na anaweza kukaza tena apendapo. Mchezaji mpira hodari halegei uwanjani, lakini kabla ya kupiga penalti hulegeza mabega na kushusha pumzi. Uwezo wa kulegeza ni sehemu ya nguvu.

Pingamizi la pili ni la muda. Ratiba imejaa, muhtasari haujakwisha, mtihani unakaribia. Hoja hii ingekuwa na uzito kama dakika 10 zingeondolewa katika saa za kujifunza kwa kweli. Lakini ni dakika ngapi zinapotea kila siku kwa mwanafunzi anayetazama ukurasa mmoja kwa nusu saa bila kuuona? Ni ngapi zinapotea usiku wa manane, yeye akikesha na kitabu ambacho kesho hatakikumbuka, kwa sababu ubongo huthibitisha kumbukumbu wakati wa usingizi, na usingizi amejinyima?

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo latoka kwa wale wanaowapenda wanafunzi. Wao huuliza: je, si unafiki kumfundisha mtoto kushusha pumzi huku njaa, viboko, matusi na msongamano wa mabweni vikiachwa kama vilivyo? Pingamizi hili ni la haki. Shule inayofundisha utulivu asubuhi na kuwatisha watoto mchana ni kama mtu anayepiga deki huku bomba limeachwa wazi. Mkazo mara nyingi ni habari ya kweli inayotoka mwilini: kwamba mzigo umezidi, kwamba mtu fulani anamwonea mwingine, kwamba chakula hakitoshi. Habari hiyo isizimwe kwa mazoezi ya pumzi. Isikilizwe.

Lakini haki ya pingamizi hili haifuti faida ya elimu yenyewe. Mwanafunzi aliyetulia hueleza dhuluma yake vizuri zaidi kuliko aliyetaharuki. Wasichana wa Kashasha hawakuwa na maneno ya kusema yaliyowasibu. Miongoni mwa mambo wanayostahili watoto wa leo ni kuwa na maneno hayo, na kuwa na mtu mzima wa kuyasikiliza.

Tena kuna mipaka ambayo mwalimu hana budi kuijua. Kulegeza mwili ni msaada kwa mikazo ya kawaida. Si tiba ya kila kitu. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wenye sonona umeonyesha kwamba mazoezi haya yana nafuu kuliko kukaa bila msaada wowote, lakini nafuu hiyo haifikii ile ya matibabu ya nafsi yanayotolewa na wataalamu. Mwanafunzi aliyekosa usingizi kwa majuma, anayejitenga, anayesema hataki kuishi, apelekwe hospitali upesi. Asiambiwe ahesabu pumzi. Kadhalika wako wachache ambao wakifumba macho na kunyamaza hofu yao huongezeka. Hao wasilazimishwe. Waruhusiwe kufumbua macho, au watembee polepole uwanjani.

Namna ya kuanza

Mahali pa kuanzia ni somo la baiolojia. Mada za mfumo wa neva, homoni, moyo na upumuaji zimo katika mafunzo ya sekondari. Mara nyingi hufundishwa kama orodha ya majina ya kukariri, ilhali mwili wa mwanafunzi mwenyewe ni maabara isiyohitaji fedha wala umeme.

Darasa linaweza kufanya jaribio la kweli. Wanafunzi wagawanywe makundi mawili kwa kupiga kura, ili wasichaguane kwa urafiki. Wote wahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima na kuandika. Kisha kundi moja lifanye zoezi la pumzi kwa dakika 5, na lingine likae kimya likisoma kitabu kwa muda huo huo. Wahesabu tena. Je, tofauti ipo? Ni kubwa kuliko ile inayoletwa na kukaa kimya tu? Je, siku ya pili makundi yakibadilishana matokeo yatabaki? Jaribio hili litawafundisha mambo mawili kwa pamoja: namna ya kutuliza mwili, na namna ya kutoamini madai yoyote, hata ya makala haya, mpaka yamepimwa. Huenda wakakuta kwamba tofauti ni ndogo kuliko walivyotumaini. Hilo nalo ni somo.

Baada ya hapo zoezi liwe desturi ya kila siku, lisingoje siku ya mtihani. Samaki mkunje angali mbichi, na mwili nao hufundishwa wakati wa amani. Aliyejifunza kulegeza mabega katika mwezi wa Februari hataona shida kufanya hivyo mlango wa chumba cha mtihani ukifunguliwa. Anayejaribu kwa mara ya kwanza siku hiyo huongeza mashaka mengine juu ya mashaka aliyo nayo.

Walimu nao wasisahauliwe. Mwalimu mwenye madaftari mia ya kusahihisha, nyumba inayovuja na darasa lililojaa hadi mlangoni ana mwili ule ule wa adrenalini. Hasira yake ya saa nne asubuhi mara nyingi ilianza saa kumi na moja alfajiri. Mwalimu anayeshusha pumzi mbele ya darasa kabla ya kujibu utovu wa adabu hufundisha somo ambalo halimo katika kitabu chochote, na wanafunzi hulishika mara moja, kwa kuwa utulivu huambukiza kama hofu inavyoambukiza.

Hilo ndilo fundisho kubwa la Kashasha. Hali iliyoanza kwa wasichana watatu ilienea kwa mamia bila kijidudu chochote, kwa macho na masikio tu. Ikiwa taharuki inaweza kupita njia hiyo, utulivu nao unaweza kuipita. Lakini taharuki hujienea yenyewe; utulivu hauna budi kufundishwa. Shule ambayo imekwisha kutenga saa za kumfundisha mtoto kukaza akili yake haitapoteza kitu ikitenga dakika 10 za kumfundisha namna ya kuilegeza.